Siku moja maishani mwangu: Mpangaji na mlango wa pili

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Simu imenitikisa usingizini. Kati ya kazi kumi na moja ambazo kompyuta zetu hujifanyia usiku, nne zimeanguka. Leo tarehe mosi, uhasibu wanafunga mwezi.

Programu inayopanga na kuzindua kazi zetu ndani ya SAP, mfumo wa kompyuta unaoendesha hesabu na malipo ya kampuni, tunaiita Mpangaji. Kwanza inapanga. Pili inaishi kwenye seva ya idara nyingine, na wenye nyumba hawachoki kutukumbusha.

Kijana wa zamu alishaandika: "Kaka, nazirudisha zote nne zianze upya." Nikampigia nikiwa bado kitandani.

"Mdogo wangu, usiguse kitu."

"Sawa kaka. Ila nimeshajaribu kuingia kwa akaunti ya Mpangaji, imekataa."

Saa kumi na mbili. Kwenye kazi yangu swali la kwanza si kwa nini mawasiliano yamekatika. La kwanza ni: kazi ilifanyika au haikufanyika? Nikafungua SM37, pale SAP inapoorodhesha kazi zake. Tatu hazikuwepo kabisa. Ya nne, inayopeleka benki faili la malipo ya wasambazaji, ilikuwa imekamilika salama salimini. Mpangaji aliizindua vizuri, ila aliporudi kuulizia hali yake akakosa njia, akaandika "imeshindwa". Programu ya faili hilo tuliiandika wenyewe, na kinga ya kutotuma mara mbili hatukuiweka. Kijana angeirudisha, wasambazaji wangelipwa mara mbili, nami ningekuwa naandika habari nyingine kabisa.

Saa mbili. Nimeshuka mwendokasi Kivukoni, nimefika ofisini na mandazi mawili mkononi. Mzee wa fedha ananisubiri mlangoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwezi wangu umefungwa?"

"Bado kidogo, mzee."

Alitazama mandazi, akaondoka.

Saa tatu. Kumbukumbu za Mpangaji zinasema kosa la kwanza lilitokea 23:10. Seva inahesabu kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, kwa hiyo Dar es Salaam ilikuwa 02:10, yaani saa nane na dakika kumi usiku. Tukio moja, namna tatu za kuitaja saa yake. Nimewahi kupoteza asubuhi nzima kwa kusoma kurasa za saa nyingine, sasa kwenye meza yangu kuna karatasi yenye safu tatu.

Akaunti ilikuwa imefungwa kweli, lakini huo ulikuwa ugonjwa wa pili. Kijana aliingiza nenosiri la zamani mara tano, na kwetu SAP hufunga akaunti mara ya tano. Nikaifungua kwa SU01, pale SAP inapotunza akaunti za watumiaji. Kosa la usiku lilikuwa la aina nyingine: halikusema jina au nenosiri si sahihi, lilisema upande wa pili haukufikiwa. Anayekataliwa nenosiri amefika mlangoni, akaulizwa, akashindwa kujibu. Mpangaji wetu hakufika mlangoni.

Saa nne. Nikasoma mstari ule wa kosa tena, polepole, nikaona namba 3301.

Hapa pana utaratibu unaofanana na mapokezi ya hospitali. Mpangaji haendi moja kwa moja kwa daktari. Anaanzia kwenye seva ya ujumbe, poti 3600 (poti ni mlango wa mtandao wenye namba), na kuuliza nani ana nafasi. Anaelekezwa kwenye seva fulani, kisha anaifuata kupitia geti lake. Geti la seva yenye namba 00 ni poti 3300, la yenye namba 01 ni 3301. Miaka yote tulikuwa na seva moja ya SAP. Jumamosi iliongezwa ya pili, na jana jioni ikaingizwa kwenye kundi la kupokea maombi ili ipunguze msongamano wa mwisho wa mwezi. Aliyeomba iingizwe ni mimi. Basi mapokezi wakawa wanasema "nenda chumba namba mbili", na mlango wa chumba namba mbili haujafunguliwa. Aliyetumwa chumba namba moja alihudumiwa, ndiyo maana kazi saba zilipita.

Saa tano. Kaka wa mtandao alijaribu poti ile kwenye kompyuta yake.

"Mbona kwangu inafunguka?"

"Kwako si kwa Mpangaji, kaka."

Tukajaribu kutoka kwenye seva ya Mpangaji yenyewe. 3600 ikaitika, 3300 ikaitika, 3301 kimya mpaka muda ukaisha. Kimya kile kina maana. Ingekuwa hakuna programu inayosikiliza, tungekataliwa papo hapo. Ukimya mrefu mara nyingi ni fayawoli, mlinzi wa mtandao, katikati, inapokea barua na kuitupa. Ombi la kufungua poti lina fomu, na fomu ina saini tatu.

Sikuzingoja. Nikaingia SMLG, pale SAP inapopanga makundi ya seva, nikaitoa seva ya pili kwenye kundi, nikarudisha zile kazi tatu tu. Ya benki sikuigusa.

Saa saba. Zote tatu zimepita. Mzee wa fedha amepata ripoti zake, nami nimepata wali maharage uliopoa.

Saa kumi jioni. Saini zimetimia, poti imefunguliwa. Nimeirudisha seva ya pili kwenye kundi na kuzindua kazi ya majaribio mara ishirini, kwa sababu ikipita mara moja huenda ilitumwa chumba namba moja. Nimehakikisha baadhi zimepita kwa 3301. Kijana nimemwonyesha SM37, na kinga ya faili la benki tumeiweka kwenye orodha ya wiki hii.

Saa nane na dakika kumi usiku. Nimeamka mwenyewe, simu haijalia. Nimechungulia: kumi na moja kati ya kumi na moja.

"Vipi," mke wangu akauliza bila kufumbua macho, "Mpangaji kalipa kodi?"