Chawa wenye mshahara

Baridi ya Juni hapa Mbeya inamwingiza mtu blanketini mapema, na ukishaingia hutoki. Jana usiku mpwa wangu, ambaye anahangaika kurekodi singo yake ya kwanza, alileta flashi yenye Popstar: Never Stop Never Stopping, komedi ya Marekani ya mwaka 2016. Andy Samberg ndiye Conner4Real, staa aliyevimba kichwa. Wenzake wawili wa kundi la vichekesho la The Lonely Island, Akiva Schaffer na Jorma Taccone, wameiongoza na kucheza humo humo. Imepigwa kama dokumentari, na wanamuziki wa kweli kama Nas, Usher na Ringo Starr wanamzungumzia Conner bila hata kutabasamu.

Kiki zimejaa. Anamchumbia mpenzi wake mbele ya kamera, Seal akiimba pembeni na mbwamwitu wamefungiwa, mpaka mbwamwitu wakatoroka wakamrukia Seal. Mpwa wangu alicheka hadi akakohoa. Mimi nilichekea friji: Conner anaingia mkataba na kampuni ya vyombo vya nyumbani, ukifungua mlango albamu inapiga, na umeme unakatika Marekani nzima. Sisi huku umeme haujawahi kusubiri albamu.

Ila kilichonikaa ni lile kundi linalomzunguka. Kuna hadi mtu anayelipwa ili Conner aonekane mrefu pichani! Nikawaza chawa wetu wa Bongo, wanaosifia kutwa Instagram kwa kutegemea kutupiwa nauli siku moja. Wale wa Conner angalau wana mshahara. Kazi ni ile ile: kuhakikisha bosi hasikii la kweli.

Mwenye la kweli alikuwa Lawrence, rafiki wa tangu utotoni. Aliandika beti iliyompa Conner tuzo, jina lake halikutajwa, akaacha muziki akaenda kulima Colorado. Hapo filamu inaacha utani kidogo, na kwangu ndipo ilipo nzuri kuliko mbwamwitu wote. (Kwenye majumba ya sinema haikutamba: iligharimu kama dola milioni 20, ikaingiza chini ya milioni 10. Filamu ya albamu iliyobuma, nayo ikabuma.)

Nikamuuliza kijana, "Kile kiitikio chako kaandika nani?"

"Mshkaji wangu mmoja, mama mdogo. Yuko Isyonje, yuko na viazi sasa hivi."

"Mmekubaliana nini?"

"Aah, yule ni mwanangu kabisa, hana shida."

Nilimwambia kabla hajalipa hela ya studio ampigie huyo mwanawe, waandikishane jina na mgawo, kisha waende COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kama watu wazima. Akanuna. Akasema namharibia mudi. Saa hizi naandika, namsikia uani anaongea na simu kuhusu asilimia, na anatajiwa kubwa kuliko alivyotegemea.