Mwili ukigoma: miezi yangu 11 ya kwanza kwenye vyuma

Nianze na ile asubuhi ya kwenye daladala maana ndo ilinifungua macho. Ilikuwa mwezi wa tatu tangu nianze vyuma, nimetoka Mbagala naenda kazini Kariakoo, gari imefika mi niko siti ya nyuma kabisa, nataka kunyanyuka miguu haitaki, mapaja yamekaza kama mbao. Nikawa najivuta kwa kushika siti moja moja mpaka mlangoni, konda anagonga bodi "oya braza shuka tunawahi", na zile ngazi mbili tu za mlangoni nikashindwa kuzishuka kama watu, nikageuka nikashuka kinyumenyume. Alafu jioni yake nikaenda jimu kupiga skwati tena, ile ya kuchuchumaa na kusimama na chuma mabegani.

Nilikuwa naamini ukipumzika unarudi nyuma. Watu niliowakuta pale jimu wana miaka yao kwenye chuma, wengine wanapiga siku sita kwa wiki, nikaona na mi nifanye hivohivo ili niwafikie. Jimu yenyewe ni ya mtaani, uwanja nyuma ya nyumba ya mtu, bati upande mmoja, benchi ya mbao, bomba la chuma na zege lililomwagwa kwenye makopo ya rangi. Kopo la lita 4 ukilijaza zege linakuja kama kilo 9 na nusu hivi, wanaliandika 10 kwa maka pen maisha yanaendelea, la lita moja linakuja kilo mbili na kidogo. Nilianza skwati na kilo 30, kila wiki naongeza vikopo viwili vidogo, na kwa muda ule mwili ulikuwa unakubali kila kitu, mpaka nikafika 60.

Jumamosi nilipiga 60 mara tano, safi kabisa. Jumanne naingia na 60 ileile, ya kwanza imepanda kwa shida, ya pili nimeshuka nayo sikupanda, wakaniwahi wenzangu wakaitoa mabegani. Iliniuma sana. Nikataka kurudia palepale, kocha akanizuia, nikajua ataniambia habari za mgongo au magoti, yeye akauliza, "Dogo, jana ulifanya nini? Na juzi?"

Jana yake tulishusha kontena. Nafanya kazi kwenye duka la vitambaa na stoo yetu iko ghorofa ya tatu, lifti hakuna, siku mzigo ukiingia tunapandisha majora begani kuanzia asubuhi mpaka saa tisa huko. Sikuwahi kuhesabu kama ni uzito kwa sababu ni kazi, ninalipwa. Kocha akasema, "Sasa mgongo utajuaje kama hiyo ni kazi na hii ni tizi?" Akaniambia ninunue daftari.

Nilinunua la kaunta, bado ninalo. Kila siku ya tizi naandika vitu vinne tu, nimelala saa ngapi mpaka saa ngapi, mchana nimekula nini, jana nilifanya kazi gani, na chuma nilichopiga. Wiki sita baadae nikakaa nalo kitandani nikazungushia kwa kalamu nyekundu siku zote mwili uliponigomea, zilikuwa tisa. Nikarudi nyuma siku moja au mbili kwenye kila duara. Nne zilitanguliwa na kontena, tatu nilikuwa nimelala chini ya saa tano, moja nilishinda na chai na andazi mpaka jioni, na moja tu ndo sikuona sababu yoyote. Ile karatasi ilinibadilisha kuliko maneno yote niliyowahi kuambiwa, maana kabla ya hapo kila siku mbovu nilikuwa naichukulia kama ushahidi kwamba vyuma sio vyangu.

Kumbe ukipiga tizi pale unavunja misuli kidogo, kujengwa kunakuja baadae ukiwa umekula na umelala, na hiyo kazi ya ndani inachukua siku nzima mpaka mbili. Maumivu nayo yanachelewa, ukipiga Jumatatu kilele ni Jumanne usiku au Jumatano, ndo maana mtu anasema "mbona jana nilikuwa poa". Na kuumia sana sio kwamba umejenga sana, hilo nilichelewa kulielewa. Nikashusha kutoka siku sita mpaka tatu, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, mwili mzima kila siku.

Usingizi ndo ulikuwa mgumu kuliko chuma chenyewe. Nilikuwa nalala saa sita usiku naamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi gari, hizo ni saa tano, na mtu anatakiwa apate saba na kuendelea. Sikuweza kubadilisha saa ya kuamka kwa hiyo nikabadilisha ya kulala, saa nne simu inabaki sebuleni kwenye chaji mi niko ndani. Joto la Januari na Februari mnalijua, umeme ukikatika na feni ndo basi, nikawa natandika mkeka chini kwenye sakafu karibu na mlango, pana ubaridi kidogo, nalala mpaka alfajiri bila kugeuka geuka.

Chakula sikununua yale maunga ya protini ya makopo makubwa, bei sikuiweza. Nina kilo 64, hesabu inayotumika sana kwa wabeba vyuma ni protini gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili, kwa hiyo mi inakuja kama gramu 100 kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6. Mama ntilie wetu anajua siku hizi, wali maharage na mayai mawili ya kuchemsha, usiku ugali dagaa, maziwa kama yapo. Na maji, jamani, kwa jasho la Dar ukisubiri kiu umeshachelewa.

Siku mbovu zenyewe hazijaisha ila nimejua namna ya kuzipokea. Siamui nikiwa nyumbani, maana nyumbani nimechoka karibu kila siku, naenda, napasha na bomba tupu, alafu 30, alafu 40. Mara nyingi kwenye 40 mwili unafunguka na naendelea kama kawaida. Ila kama 40 imekaa mabegani kama 50 basi nashusha uzito wa siku ile kwa asilimia 10 mpaka 20, napiga raundi tatu badala ya tano, narudi nyumbani, sijaruka siku na sijajiumiza. Kuna mara nilihangaika wiki mbili bega la kulia linazidiwa, tukapeleka makopo kwa jamaa wa chuma chakavu kuyapima, moja limeandikwa 10 lina 11 na nusu na mwenzake 8.8! Pimeni makopo yenu.

Kitu kimoja sicheki nacho. Misuli ikiuma pande zote mbili, imekaza, ukitembea inapungua, hiyo naendelea nayo. Maumivu ya kuchoma sehemu moja kwenye kiungo, hapo chuma kinawekwa chini, niliyapata begani nikakaa mwezi bila kupiga benchi, ile ya kulala chali unasukuma chuma juu. Na ukiona mkojo umekuwa rangi ya chai ya rangi baada ya tizi kali, usiishie kunywa maji ukalala, nenda hospitali siku hiyohiyo, inaweza kuwa misuli imevunjika kupita kiasi na figo zinaweza kuharibika.

Siku za kupumzika nazo silali tu, Jumapili jioni natembea kwa mguu kutoka Rangi Tatu mpaka Zakhem na kurudi, Jumatatu miguu inakuwa myepesi.

Wiki hii kontena liliingia Jumatano. Jana Alhamisi nimepasha, 40 ikawa nzito, nikapiga 60 mara tano raundi tatu, ileile iliyonitoa machozi mwezi wa tatu, sasa hivi ndo chuma changu cha siku mbovu. Kwenye daftari nimeandika "kontena jana, nimelala masaa saba, maharage na mayai". Kesho ni Jumamosi, kuna 75 inanisubiri, saa hizi ni saa tatu na nusu na simu inaenda kwenye chaji.