Moto Juu ya Kijiji cha Jirani

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Hapa Moshi salamu humtambulisha mtu kabla hajataja jina lake: anayeanza na "Tumsifu Yesu Kristo" tunamweka upande wa Kibosho au Kilema, kwa Wakatoliki, na anayesalimu kama nilivyosalimu mimi tunamweka Machame au Marangu, kwa Walutheri, kana kwamba wamisionari walipogawana miteremko ya mlima mwishoni mwa karne ya 19 waligawana na ukoo wetu pia. Katika mji wa Glasgow, Uskoti, kazi hiyo hufanywa na swali, "Ulisoma shule gani?", na kwa wengi jibu lake huelekeza kwenye dhehebu na timu kwa pamoja: Celtic ni ya Wakatoliki, Rangers ni ya Waprotestanti.

Celtic ilianzishwa mwaka 1887 na mtawa aliyeitwa Bruda Walfrid, ambaye alitaka viingilio vya mpira viwalishe watoto maskini wa wahamiaji kutoka Ireland. Mechi yake ya kwanza, Mei 1888, ilikuwa dhidi ya Rangers, na baada ya mchezo wenyeji na wageni waliketi kula chakula cha jioni katika ukumbi wa kanisa. Mwaka 1980, timu hizohizo zilipokutana katika fainali ya Kombe la Uskoti, mashabiki waliingia uwanjani wakapigana kwa chupa hadi polisi wenye farasi wakaingia kati yao, na baadaye pombe ikapigwa marufuku viwanjani. Rangers walipomsajili Maurice Johnston mwaka 1989, wapo mashabiki wao waliochoma skafu za timu yao wenyewe, kwa sababu mchezaji huyo alikuwa Mkatoliki.

Moto huo tunaukuta katika Luka 9:51–56. Wasamaria hawakumkaribisha Yesu, na sababu inayotajwa ni kwamba uso wake ulielekea Yerusalemu. Hawakuuliza anafundisha nini, walitazama tu anaelekea upande gani. Ndipo Yakobo na Yohana, wanafunzi wa karibu kabisa (jambo hili hunisumbua kila ninaposoma), wakaomba ruhusa ya kuagiza moto ushuke kukiteketeza kijiji kizima, wakidhani kwamba hasira yao ni heshima kwa Bwana. Aliwakemea wao, wala hakuwakemea Wasamaria, kisha wakaenda mpaka kijiji kingine. Tukio linaishia hapo, bila kijiji cha kwanza kutubu na bila mtu wa upande wa Yesu kushangilia.

Sisi tunaoshabikia Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 hatuna hata kisingizio cha dini, kwa kuwa Mkristo na Mwislamu huvaa jezi moja na kukumbatiana goli linapoingia. Hata hivyo, katika mechi ya watani iliyopita nilikuwa kwenye kibanda umiza karibu na soko, nimevaa njano ya Yanga, nikiwazomea Simba kwa kelele za "Makolo!" kila mpira ulipotoka, na penalti ilipotolewa kiti cha plastiki kiliruka juu ya kichwa changu kikampata mtu sikioni. Nilicheka. Aliinama akaokota kofia yake, akajifuta damu kwa pindo la jezi yake nyekundu, na alipogeuka kuutafuta mlango nikaona kuwa ni mzee wa kanisa wa mtaa wetu.

Asubuhi ya Jumapili sikuweza kuimba, kwa maana sauti ilikuwa imekauka kwa matusi ya jana. Alipita safu kwa safu akiwa na kikapu cha sadaka, plasta sikioni, na alipofika kwangu alinisubiri kama anavyomsubiri kila mtu, nami nikatumbukiza noti yangu bila kumtazama usoni. Jumamosi hii jumuiya inakutana nyumbani kwake.