Mustang Yangu, Camaro ya Shemeji
Mwaka 2016 mimi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, tulikuwa tunaishi Columbus, Ohio, na wote wawili tulikuwa tumemaliza kulipa madeni ya chuo. Sisi ni watoto wa Tanga. Kwetu V8 ilikuwa shangingi la mkubwa linalopita na vumbi lake, wewe umejibanza ukutani na madaftari yako. Kwa hiyo tulipoamua kila mtu anunue gari la michezo lenye silinda nane, hakuna aliyemuuliza mwenzake sababu. Mke wangu ndiye aliyeuliza, naye tukamdanganya kwamba tunakwenda kuangalia tu.

Jumamosi moja ya Aprili tulizunguka yadi za magari tangu asubuhi. Kwenye yadi moja, ambayo siitaji, muuzaji alitaka kwanza kujua tunafanya kazi wapi na mshahara unaingia lini, ndipo afikirie kutupa ufunguo. Tuliondoka. Kwenye nyingine tulipewa ufunguo bila hata kuulizwa majina, nikaendesha Mustang GT ya Ford: injini ya lita 5.0, nguvu za farasi 435, gia za mkono, bei ya kwenye kioo dola 32,000 na ushee kabla hawajakuongezea madoido. Nilipokanyaga mafuta kuingia barabara kuu, shemeji aliyekuwa kiti cha nyuma, magoti yamemgusa kidevu, alitamka shahada.

Mchana tukaijaribu Camaro SS ya Chevrolet. Hiyo ilikuwa ndiyo kwanza imetoka, lita 6.2, farasi 455, karibu dola 37,000. Injini siwezi kuisema vibaya. Lakini paa limeshuka, milango imepanda, vioo vya pembeni vimebaki vyembamba. Nikamwambia, "Shemeji, humu unachungulia kama bibi harusi ndani ya shela." Yule muuzaji alitaka kujua tunacheka nini. Hatukumtafsiria.

Yeye akanunua hiyo hiyo ya shela. Mimi nikachukua Mustang, tena nikakataa kifurushi cha dola 2,495 chenye breki kubwa za Brembo, nikijiona mjanja wa pesa.

Mwaka mzima uliofuata hatukuwa na mazungumzo mengine. Kila pilau, kila msiba, tukikaa pembeni ni hayo tu. Mimi nilimkumbusha kwamba Mustang ilizinduliwa New York tarehe 17 Aprili 1964, na Chevrolet wakazinduka usingizini mwaka 1966. Yeye alikuwa na jibu moja analolipenda kuliko yote: watu wa Chevrolet walipoulizwa Camaro maana yake nini, walisema ni mnyama mdogo mkali anayekula Mustang. Nikimtajia ubingwa wa Trans-Am, mashindano ya mbio za magari ya Marekani, wa 1966, 1967 na 1970, uliokwenda kwa Ford, ananirudishia 1968 na 1969. Siku moja nikatoa silaha yangu ya mwisho: Mustang hii mpya ndiyo ya kwanza kutengenezwa kiwandani na usukani wa kulia, mtu unaweza kuendesha nyumbani. Akaniuliza, "Na matuta ya Pongwe utayaruka?"

Basi kiangazi cha 2017 tukajiandikisha siku ya mafunzo Mid-Ohio, uwanja wa mbio ulio mwendo wa saa moja hivi kaskazini mwa Columbus, tumalize ubishi. Asubuhi kwenye mkutano wa madereva tukaambiwa hakuna kupima muda, hakuna kushindana, na humpiti mtu mpaka akupe ishara kwa mkono. Nikamtazama shemeji. Naye alikuwa ananitazama.

Kila mgeni alipewa mwalimu wa kukaa naye. Wangu alikuwa mzee mpole aliyesema maneno matatu tu: tazama mbali, subiri, sasa. Kuna kona wanayoiita Keyhole, ina umbo la tundu la ufunguo. Ukitoka hapo unafunguliwa barabara ndefu iliyonyooka, na mwisho wake lazima ukanyage breki kama mtu anayeua nyoka. Duru ya kwanza nilifanya hivyo nikajisikia bingwa. Ya pili, nikiwa kwenye kilomita 180 kwa saa, nikakanyaga na pedeli ikashuka kama mguu uliotumbukia kwenye tope. Nikapampu mara mbili tatu, gari likapungua, tukaipata kona kwa shida.

Mzee hakupandisha sauti. Aliniongoza polepole hadi kwenye maegesho, akanikataza kuvuta breki ya mkono diski zikiwa za moto, kisha akaniuliza mafuta ya breki niliyabadilisha lini. Kwenye fomu ya ukaguzi nilikuwa nimeweka alama kwamba ni mapya. Yalikuwa yale yale yaliyokuja na gari. Akanieleza kwamba mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewani, yakipata joto kali yanachemka, na mguu wako unabaki kugandamiza mapovu.

Kumbe yeye mwenyewe alikuja na Camaro SS, ndugu yake na ya shemeji. Labda alinihurumia, maana akanipakia kwenye duru ya walimu. Shemeji, aliyekuwa kundi jingine, yuko darasani.

Sijui nielezeje. Mustang nilikuwa naisihi igeuke. Hii, mzee akigusa usukani tu, pua imeshaingia. Baadaye nilisoma kwamba Chevrolet walitumia umbo la chini la gari jingine, Cadillac ATS, na kupunguza zaidi ya kilo 90 kulinganisha na Camaro iliyotangulia. Kwenye Keyhole mzee aligeuza shingo akatazama nje kwa kile kioo chembamba, ametulia, kama mtu anayeangalia bahari kutoka dirishani kwake.

Jioni, tumeegesha kujaza mafuta, shemeji akaniuliza siku yangu imekwendaje. Nikamwambia breki zilinisumbua kidogo.

Desemba 2023 Camaro ya mwisho ilitoka kiwandani Lansing, Michigan. Usiku ule shemeji alinitumia ujumbe wa sauti: yake haiuzi tena, na je, baada ya miaka yote hii, nina lolote la kusema? Nikaucheza ujumbe mara mbili. Nikamjibu kwamba rangi yake siku zote nimeipenda.