Mpira Wote, Mstari Wote

Jumamosi iliyopita refa alichora mstatili hewani kwa vidole, akakimbilia kwenye skrini ya pembeni mwa uwanja, na sote sebuleni tukanyamaza kama vile ni sisi tunaosubiri hukumu. Mwanangu wa mwisho ndiye aliyevunja ukimya.

"Baba, zamani refa akikosea alikuwa anaangalia wapi?"

Nikamwambia hakukuwa na pa kuangalia.

"Sasa aliyekosewa alikuwa anafanya nini?"

Nilimjibu kwa mkato, mpira ukaendelea, na sikumbuki tena mechi ile iliishaje. Kimawazo nilikuwa nimesharudi kwa Mjomba, Jumapili ya Februari 13, 2000, fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, Nigeria na Cameroon, uwanja wa taifa wa Lagos.

Ubishi ulikuwa umeanza wiki nzima kabla. Mimi na binamu zangu tulikuwa Nigeria bila kujiuliza mara mbili. Wako nyumbani, wana Okocha, wana Kanu, wana Finidi, wana Oliseh kati. Miaka minne nyuma walikuwa wamechukua dhahabu ya Olimpiki. Na walikuwa na njaa: walilibeba kombe mwaka 1994, wakajitoa 1996, wakafungiwa 1998, kwa hiyo hii ilikuwa mara yao ya kwanza kurudi wakiwa mabingwa ambao hakuna aliyewavua ubingwa uwanjani. Nani angewazuia?

Mjomba alikuwa peke yake upande wa pili. Hakubishana kwa kelele. Alikuwa anahesabu kwa vidole: fainali ya 1984, Cameroon, fainali ya 1988, Cameroon, zote mbili dhidi ya Nigeria hiyohiyo. Tukimrukia na bao la Henry Nwosu lililokataliwa mwaka 1988, alikubali kwamba Wanigeria wana haki ya kulilia bao lile, kisha akarudi palepale: "Haya, lakini mwangalieni yule kijana Eto'o." Eto'o alikuwa na miaka kumi na minane.

Mnaonifuatilia mnajua Mjomba alikuwa refa. Si wa kulipwa, si wa kuonekana kwenye televisheni, ila wa mechi zetu zote za maana. Mara nyingi alishika kibendera. Viatu vyake alivifuta mwenyewe, kipenga alikitunza kwenye soksi safi, na kitabu cha sheria kumi na saba kilikuwa kimechakaa pembe zote kwa kufunguliwa. Ndiye aliyenifundisha, kwa chungwa na ukingo wa meza, kwamba goli si goli mpaka mpira wote uvuke mstari wote. Si nusu, si robo tatu. "Ukibaki upana wa unywele juu ya mstari, mjomba, hakuna kitu."

Majuma machache kabla ya fainali hiyo, kibendera chake kiliinuka dhidi yetu. Dakika za mwisho, mimi ndiye niliyefunga, na nilikuwa nimeshaanza kukimbia kushangilia. Kuotea. Tulipoteza mechi. Sikumwambia neno, lakini nililihifadhi.

Fainali yenyewe naweza kuipitisha haraka. Eto'o akafunga, M'Boma akaongeza, na ilikuwa bado nusu saa tu imepita. Tukakaa kimya, Mjomba naye kwa heshima hakushangilia sana. Chukwu akarudisha moja kabla ya mapumziko. Dakika ya 47 Okocha akaachia kombora kutoka mbali, mbili mbili, na mtu mmoja mle ndani akapiga goti kwenye mguu wa meza na hakusikia maumivu. Dakika tisini zikaisha, za nyongeza zikaisha, tukafika kwenye matuta, mikwaju ya penalti.

Kanu alikosa. Foé wa Cameroon naye alikosa. Na akaja Victor Ikpeba wa Nigeria.

Hapa ndipo kumbukumbu yangu inapopunguza mwendo. Ikpeba alikuwa mchezaji bora wa Afrika wa mwaka 1997, mtu ambaye hungemwogopea kwenye mkwaju. Akapiga kwa nguvu, juu. Mpira ukagonga mtambaa panya, ule mwamba wa juu wa lango, kwa chini, ukashuka wima, ukadunda, ukatoka nje ya lango. Yote hayo kwa muda wa kufumba jicho. Sisi tulikuwa tayari hewani, mikono juu, "goli" imeshatoka nusu midomoni. Halafu tukaona refa hakubali. Ile nusu nyingine ya neno ilibaki kooni. Hata leo nikiisimulia hadithi hii naihisi imekwama pale.

Wakarudia picha. Mara ya kwanza hatukuelewa. Mara ya pili Mjomba alinyanyuka kutoka kwenye kiti chake, akaenda mpaka kwenye televisheni, akainama, akaweka kidole kwenye kioo, pale ulipodunda mpira. Hakuondoa kidole hata picha ilipobadilika. Ikabaki sura ya mchezaji fulani iliyochomwa na kidole chake.

"Umeingia," akasema. "Wote."

Huyo ndiye aliyekuwa Cameroon peke yake nyumba nzima. Ningekuwa mtu mzima ningeiona thamani ya neno lile. Nilikuwa na miaka kumi na minne.

Rigobert Song akapiga wa mwisho, akafunga. Nne tatu. Kombe likaondoka Lagos mbele ya wenyewe.

Binamu zangu walikuwa wanalia waziwazi. Mjomba akajaribu kutueleza, kwa sauti yake ya kufundishia, jinsi ilivyo pale. Wakati wa matuta, mshika kibendera mmoja yuko katikati ya uwanja na wachezaji, na mwingine amesimama kwenye mstari wa goli, pembeni. Ni huyo mmoja tu anayeweza kuujua mpira kama ule. Mpira una kipenyo cha kama sentimita 22, umeshuka kwa kasi, umegusa chini na kutoka. Akipepesa, umempita. "Na refa hapulizi alichokisikia kwa watu," akasema. "Anapuliza alichokiona. Asipokiona, hawezi kukitoa."

Nikamwambia: "Marefa wote ni wezi. Hata wewe. Lile goli langu ulilikataa makusudi."

Hakuna aliyewahi kumwambia Mjomba maneno ya namna hiyo ndani ya nyumba yake. Shangazi aliniita jina langu, mara moja tu, kwa sauti ya chini. Mjomba akaketi. Akazima televisheni. Nilidhani nitafukuzwa.

"Siyo makusudi," akasema baada ya muda mrefu. "Lakini nimeliwaza sana lile goli lako, mjomba. Nilichelewa. Mpira ulipopigwa mimi nilikuwa nyuma kwa hatua mbili au tatu, sikuwa sawa na beki wa mwisho. Nilipoinua kibendera nilikuwa nakisia."

"Kwa nini hukuwaambia?"

"Nilikuja kulielewa wameshaanza tena kucheza. Mchezo ukishaanza tena, hata refa mwenyewe hana ruhusa ya kurudisha."

Nimewahi kusikia watu wakiomba radhi, wengine kwa machozi, wengine kwa zawadi. Sijasikia tena mtu mzima akimfungulia mtoto kosa lake namna ile, bila kulifunika na chochote. Wala hakuniambia nisiseme. Nadhani hakuona sababu ya kuniambia.

Jumatatu nilisema. Kabla ya saa nne darasa zima lilijua: mjomba wangu mwenyewe amekiri, alikisia. Nilisema kwa sababu goli lilikuwa langu na nilitaka nirudishiwe, hata kama ni kwa mdomo tu. Wale waliocheza nami wakaenda kuwaambia kaka zao. Mechi iliyofuata aliposimama na kibendera chake pembeni, nyuma yake kukaanza kuimbwa: "Kisia! Kisia!" Kila alipokiinua. Hata alipokuwa sahihi kabisa, hata alipoonyesha mpira wa kurusha ambao kila mtu alikuwa ameuona. Nilikuwepo. Sikuimba, lakini wimbo ule niliuleta mimi.

Alimaliza dakika zote tisini. Alikunja kibendera taratibu kama kawaida, akakiviringisha kwenye mpini wake. Haikupita muda akaacha. Alisema magoti.

Labda yalikuwa magoti kweli. Mshika kibendera hukimbia sana kuliko watu wanavyodhani, tena nusu ya muda anakwenda ubavu ubavu kama kaa ili asiutoe uso uwanjani. Umri wake ulikuwa umefika. Nimejipa maelezo haya mara nyingi, na kila mara nayaona ni ya kweli, na kila mara hayanitoshi.

Teknolojia ya mstari wa goli ilipokuja kwenye Kombe la Dunia la 2014, saa mkononi mwa refa ikitikisika mpira ukivuka, nilimpigia simu kumwuliza ameionaje. Alifurahi kama mtoto. Akasema yule mtu wa Lagos angepewa saa ile angelala usingizi mzuri miaka yote hiyo. Nikasubiri labda ataendelea. Hakuendelea. VAR, yaani refa kusaidiwa na picha za video, ilipoingia kwenye Kombe la Mataifa la 2019 kule Misri, kuanzia robo fainali, tuliangalia pamoja, na watu walipolalamika kwamba inachelewesha mchezo, yeye ndiye aliyekuwa akiwatuliza: "Mwacheni aangalie. Mwacheni aangalie vizuri."

Jumapili, siku moja baada ya lile swali, nikampeleka mwanangu kwake. Macho ya Mjomba siku hizi hayaoni mbali, kwa hiyo ameusogeza mkeka karibu kabisa na televisheni. Mtoto alitangulia kuingia; nilipofika nilimkuta Mjomba ameshika chungwa, mtoto ameinama mbele yake, kidevu kwenye ukingo wa meza, jicho moja amelifumba.

"Hapo je?"

"Bado, Babu."

"Hapo?"

"Bado kidogo."

Nilisimama mlangoni. Niliondoka nyumbani nikiwa nimeyapanga maneno ya kumwambia, hata nikayarudia njiani. Mjomba akausukuma ule mpira wake wa chungwa upana wa unywele mwingine, akainua uso kuelekea mlangoni, mahali aliposikia mtu, akauliza, "Nani huyo?"