Mzungu wa Nne

Januari 2013 nilikuwa mwaka wa kwanza Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na nilikuwa nabebwa. Ambaye hakupita pale huenda neno hilo halimwambii kitu. Mwenye kitanda hosteli anambeba asiye nacho, wanalala wawili kwenye kigodoro cha mtu mmoja, maisha yanaendelea. Kosa lilikuwa langu. Fomu ya chumba niliijaza tarehe ilipokwisha kupita, nikijipa moyo kwamba nina mjomba Kimara. Mjomba alinipokea vizuri wiki mbili za kwanza. Wiki ya tatu mkewe akaanza kuniuliza chuo kinafungwa lini.

Aliyenibeba tulikutana kwenye semina ya jiografia. Chumbani walimwita Mmatengo, naye aliitika bila kinyongo kwa sababu ndivyo alivyo, mtu wa Litembo, Mbinga. Kitanda chake kilikuwa hosteli ya Mabibo, dabodeka, cha chini. Tulilala mzungu wa nne, kichwa changu miguuni pake na chake miguuni pangu, na sharti alilonipa lilikuwa moja tu, kuosha miguu kila usiku hata kama nimetoka kuoga sasa hivi. Chumbani tulikuwa saba. Vitanda havikuwa saba.

Sasa siku moja, usiku wa kuamkia testi, saa nne kasoro, simu ya Mmatengo ikaita. Baba yake. Alikuwa ameshuka stendi ya Ubungo na basi la Songea, amekuja kuangaliwa macho, na ndugu yao wa Mbagala aliyetakiwa kumpokea hapatikani. Mmatengo alipokata simu alikaa juu ya ndoo.

"Mzee hajui kama nimebeba mtu," akasema. "Anajua nina chumba changu."

Tulivyompitisha getini sitaeleza hata leo.

Mzee aliingia na koti zito la baridi. Kwao ni juu milimani, watu wanaota moto, na hapa ni Dar ya Januari ambapo hata feni inapuliza joto. Begani alikuwa na kiroba cha maharage. Tukasimama wote. Shikamoo zikatoka moja moja, naye akaitikia marahaba moja moja, na nadhani alikuwa anatuhesabu. Kisha akatoa noti ya mia tano mfukoni, zile zilizokuwa na picha ya ukumbi wa Nkrumah wa chuo chetu upande mmoja. Akaitazama noti, akatazama dari, akatazama nguo zetu zilizoning'inia kwenye nondo za dirisha.

"Siyo hapa?"

"Hapana baba. Hapo ni Mlimani kwenyewe. Huku tunalala tu."

Baadaye ndiyo niliambiwa kwamba ile noti haikuwa ya matumizi. Aliitunza ndani ya kitabu chake cha sala, akiwaonyesha majirani mahali anaposoma mwanawe.

Nikatambulishwa kama mwenzake wa darasani niliyekuja kujisomea usiku huo mmoja. Mimi nikaongezea kwamba nakaa Kimara kwa mjomba, na haukuwa uongo mtupu, maana sanduku langu bado lilikuwa kule. Mpango wetu ulikuwa mzee apewe kitanda, sisi tushuke kwenye vimbweta, zile meza za zege za kujisomea nje, tukeshe na madesa, yaani notsi zetu. Mzee akakataa katakata. Mtu ana mtihani asubuhi halafu akeshe nje na mbu? Akamwambia mwanawe atafute pa kujibanza kwa wenzake. Halafu akanigeukia.

"Wewe mgeni mwenzangu, njoo. Kitanda kinatosha."

Kwa hesabu zake baba na mwana aliyekwisha kuwa mtu mzima hawalali kitanda kimoja, lakini wageni wawili ruksa. Nikaduwaa. Nitamlaza vipi mzee wa watu, na nyayo zangu nitazielekeza wapi? Yeye ndiye aliyetoa jibu. "Tulale mzungu wa nne." Nikajifanya kama sijawahi kulala hivyo maishani.

Nilikunja miguu mpaka magoti yakagusa kidevu. Miguu yake ilikuwa mbele ya pua yangu: magaga mapana, na ndani ya ile mipasuko udongo mwekundu ambao hakuna sabuni ingeutoa. Nikawasha tochi ya simu, nikafungua desa.

"Unasoma nini?"

"Ngoro, baba."

Akaketi. Sijawahi kuona mtu wa umri ule anaketi haraka vile. "Ngoro hizi zetu? Zimo chuoni?"

Akavuta lile koti, akalitandaza juu ya magoti yake, likawa mlima. Hapa ni mteremko, akasema kwa sauti ya chini kwa ajili ya waliolala. Wanaume wanafyeka majani, wanayapanga kwa mistari, mingine inapanda na mingine inakatiza, kama madirisha. Akabana vitambaa kwa vidole, pakatokea vijisanduku. Wanawake wanakuja, wanachimba katikati ya kila kijisanduku na kuufukia udongo juu ya majani, panabaki shimo na matuta pande nne. Juu ya matuta maharage, msimu unaofuata mahindi. Akachovya kidole kwenye kikombe cha maji akadondosha tone kwenye shimo la koti. Mvua inakaa humo. Udongo hauendi popote.

"Humo wameandikaje?"

Desa lilikuwa la Kiingereza, nusu ukurasa. Nikamfasiria kadiri nilivyoweza. Akasikiliza hadi mwisho.

"Migongo ya wanawake hawakuandika?"

Haikuwemo.

Asubuhi swali likaja la HADO, ule mradi wa hifadhi ya ardhi Dodoma wa mwaka 1973, na mifugo iliyoondolewa Kondoa mwaka 1979. Ngoro hata kwa kutajwa, hakuna. Mimi ningeziacha wapi baada ya usiku ule? Nikazipenyeza ukurasa mzima na nusu. Nilipata 9 kati ya 20, na kwa wino mwekundu lecha aliandika neno moja tu pembeni: "Kondoa!"

Lakini siku ile matokeo bado. Mzee tulikuwa tumepanda naye basi asubuhi, tukamwacha Nkrumah wakati sisi tukikimbilia kumbi za Yombo kufanya testi. Tuliporudi tulimkuta kivulini, koti mapajani, noti mkononi, wanafunzi wakimpita kushoto na kulia. Alikuwa ameukagua ukumbi kwa kuulinganisha na picha.

"Ni lenyewe," akatuambia. Akauliza habari za mtihani, tukasema tumejitahidi. Akamgeukia mwanawe.

"Huyu mwenzako ni msomaji. Ila akilala anapiga mateke."

"Mimi nimeshamzoea, baba," Mmatengo akajibu, na neno likawa limeshatoka.

Mzee akamtazama mwanawe, akanitazama mimi, akaikunja noti taratibu na kuirudisha kwenye kitabu cha sala.

"Kimara ni mbali," akasema.