Mtama wa Singida kwenye shamba la kulungu la baba mkwe

Nimechoka na ushauri wa kwenye video za kupanda chakula cha kuvuta kulungu shambani jamani. Mtu ana matrekta, ana ardhi mpaka jicho linachoka, mbegu anapewa na wadhamini, halafu anakaa mbele ya kamera anakwambia wewe mwenye jembe na ekari 40 za mkwe eti anza na mbegu bora. Sasa ngoja niwaambie kilichotusaidia sisi.

Nimeoa huku Wisconsin, Marekani, kusini magharibi mwa jimbo, kwenye vilima ambavyo barafu za zamani hazikuvisawazisha kwahiyo ni mabonde na makorongo tu. Ukoo wa mke wangu kwenye kuwinda kulungu hawana utani. Msimu wa bunduki ni siku 9, unaanza Jumamosi kabla ya Thanksgiving (sikukuu yao ya shukrani, Novemba), na wiki hiyo usipange harusi maana hutaona mtu. Wanajazana kwenye kibanda cha mbao alichojenga babu yake baba mkwe, usiku wanacheza karata zinaitwa sheepshead (asili yake Ujerumani, sijazielewa mpaka leo ila hela yangu wameila), alfajiri kila mtu na koti la rangi ya chungwa inayowaka, sheria inataka rangi inayowaka. Ukutani kuna vipande vya mashati vimepigwa misumari, kila kimoja kina jina na mwaka: ukifyatua ukamkosa kulungu aliyekaa wazi, wanakukata mkia wa shati palepale. Cha mzee mwenyewe, baba mkwe, kipo, drafti nyekundu, karibu na jiko, na hapendi ukiangalie muda mrefu.

Shida ni kwamba shamba lilishakuwa kituo cha karata tu. Kamera za mtini, zile zinazojipiga zenyewe mnyama akipita, zilionyesha kulungu wanapita saa saba, saa nane usiku, mchana hakuna kitu. Mzee alishaanza maneno ya kuuza. Shemeji yangu akashauri tumwage mahindi, wakati huku kwetu kuwawekea chambo ni marufuku kwa sababu ya ule ugonjwa wa kukondesha kulungu ulioonekana Wisconsin mwaka 2002. Ila kulima chakula shambani kikamea chenyewe, hiyo ruksa.

Muuza mbegu mmoja akamuuzia mzee mfuko una picha ya dume lenye pembe kama mti wa mkorosho, bei ya kuumiza. Ikaota njano, ikafa. Mimi nikachota udongo nikapeleka kupimwa, hela ndogo tu, ukarudi na tindikali ya kutisha. Tukamwaga chokaa, kama tani mbili kwa ekari na ushee, tukaiacha ifanye kazi msimu mzima, tukaja kupanda klova ya kawaida (majani ya malisho). Ikakubali. Hapo sina hadithi ndefu, PIMA UDONGO KWANZA basi.

Sasa klova ipo, majani mabichi, na kulungu bado wanakuja usiku. Hapa ndo kila mtu akawa na lake, mara ongeza chumvi, mara nunua dawa ya kuua harufu, mara jenga ulingo mwingine. Mimi nikakaa siku nzima upande wa pili wa bonde na darubini nikamwangalia mzee akiingia. Kumbe njia yetu ya kutoka barabarani inapita pembeni kabisa mwa klova, mtu mzima na koti linalowaka anatembea mita thelathini hivi kutoka walipo. Jike mmoja akainua kichwa, akapiga mguu wa mbele chini, tena, akatoa pumzi puani fyuuu, mkia mweupe juu, bonde zima likaondoka naye. Mzee akapanda kwenye ulingo akakaa mpaka giza, ametulia kabisa, anasubiri wanyama walioshamuaga.

Nikamwambia, mzee, tupande mtama. Akacheka mpaka akakohoa, akauliza kama nataka kumpikia ugali porini (ugali anaujua, nimeshamlisha). Nikamwambia hapana, ni ukuta wa kuificha njia yetu. Jirani yake naye alikuwa amesikia habari hizo za ukuta wa mtama kwenye video, akamwaga mbegu nyingi ardhi nzima kama walivyomwambia, ukaota umebanana, mashina membamba kama njiti, dhoruba ya Agosti ikaulaza wote chini kwa usiku mmoja. Yaani mtu kasoma kabisa na hajui kupunguzia miche! Mimi nimekulia Singida, nimekaa kwenye ulingo naamia ndege tangu sijaanza shule, mtama sifundishwi na mtu mwenye kofia ya mdhamini.

Nikasubiri udongo upate joto, mwishoni mwa Mei, nikavuta kamba, nikapiga mashimo kwa jembe, mistari minne ya kupishana ili mwanga usipenye, nikapalilia, nikapunguzia, shina likanenepa. Njia sikuinyoosha, niliipinda kona mbili katikati ya mistari, ukisimama kwenye klova ukaangalia huoni mwisho wake. Septemba ulikuwa umenipita kichwa mbali, karibu mita tatu. Masuke waliyala bata mzinga wa porini na ndege weusi, waacheni wale. Oktoba baridi kali ikaua majani, mashina yakabaki wima yamekauka, na hapo nikapata zawadi ambayo sikuipangia: upepo ukivuma yanasuguana yanapiga kelele shwaa shwaa, miguu yako haisikiki.

Ulingo wa zamani tuliuhama. Jioni hewa ikipoa inateremka na bonde, kwahiyo tukauweka upande wa chini, harufu ya klova inakuja kwako na yako inaenda zake. Asubuhi jua likishapanda hewa inapanda mlima, asubuhi usikae huko, utawafukuza.

Jumamosi ya ufunguzi mwanangu alikaa na babu yake. Saa tisa alasiri, jua bado lipo, majike wanakula hawana habari, nyuma yao dume lenye pembe za ncha 8. Risasi moja. Mzee alinipigia simu anaongea haraka sijawahi kumsikia hivyo, na kitu cha kwanza aliuliza ni mbegu imebaki kiasi gani.

Mengineyo: kichwa tulipeleka kupimwa ule ugonjwa, ni bure, nyama ikakaa kwenye friza mpaka majibu yakaja salama, msile kabla. Mafuta ya kulungu toa yote, yanaganda kwenye kaakaa. Kwa mishkaki mimi natia papai bichi, tangawizi, kitunguu swaumu, na kwenye kijiti napishanisha na vipande vya mafuta ya ng'ombe maana nyama yenyewe kavu. Na kama uko huku kwa viza ya muda, usishike bunduki ya mtu kabla hujaongea na mwanasheria, sheria ya silaha kwa wageni ina mitego. Jirani ameshaomba nikamvutie kamba mwakani, nimemwambia sawa ila kupalilia ni yeye.